Macho Mekundu Yaliyoniruka

Mwaka ule wa macho mekundu, nyumbani kwangu Mponde waliugua wote isipokuwa mimi. Nilijigamba sana. Kila niliyekutana naye kwenye mashamba ya chai nilimwambia mtu mwenye nidhamu haambukizwi ovyo.

Kilichoniudhi ni kwamba jirani zetu wote walikuwa wazima. Ugonjwa hauoti wenyewe kama uyoga, kuna aliyeuleta. Nikaanza upelelezi. Kitinda mimba aliupata kwa mama yake, maana wanalala kitanda kimoja. Mama aliupata kwa binti yetu mkubwa, wanajifuta kwa kanga moja jikoni. Na binti je? Aliniambia ni vumbi. Vumbi, na mvua ilikuwa haijakatika wiki nzima!

Jumamosi wakaja wageni kutoka Mgwashi kumposa huyo huyo binti. Alikuwa ameniapia kwamba yeye na kijana hawajaonana tangu Krismasi, wanapigiana simu tu. Wageni wakaingia mmoja mmoja, wote wamevaa miwani ya jua, na nje ukungu umetanda hata migomba haionekani. Kijana akainama kunisalimu.

"Shikamoo, baba."

Miwani ikamdondoka. Macho mekundu kama nyanya.

"Marahaba. Na hayo umeyapata kwa simu?"

Mke wangu akaangua kicheko, akakimbilia jikoni. Mimi nikasimama niwatimue. Binti akanishika mkono, analia.

"Baba, nisamehe, tulionana. Nikasirikie mimi, ila yeye usimkatae."

Nikawatazama. Sebule nzima watu wanatokwa machozi, na huwezi kujua nani analia na nani anaumwa. Hapo ndipo iliponichoma. Ugonjwa ule ulipita mle mle wanamokumbatiana, wanamogombania shuka, wanamofutana jasho. Ulizunguka nyumba yangu yote ukaniruka mimi tu, mzee mwenye kiti chake, sahani yake na taulo ambalo hakuna anayethubutu kuligusa. Niliona wivu, tena wivu mkali, kumwonea kijana wa watu kwa macho yaliyovimba.

Nikamfuta binti yangu machozi kwa kiganja. Sikumbuki mara ya mwisho nilifanya hivyo lini.

"Haya, kaeni," nikawaambia wageni. "Nimekubali."

Jumatatu asubuhi jicho langu la kushoto likaanza kuwasha. Nikamwita mke wangu aje mbio aone, na mimi nimeyapata.