Shuka la Herufi Kinyume

Shuka la bibi lilikuwa la bafta nyeupe, na upindo wake wa juu ulidariziwa kwa uzi mwekundu: LALA SALAMA. Herufi zote zilikaa kinyume. Bibi hakujua kusoma. Aliweka karatasi ya mchoro upande usio wake, akafuata mistari mpaka mwisho. Wageni waliofika kwetu Kariakoo walicheka. Mama, aliyelirithi kutoka kwa bibi, hakucheka.

"Jifunike ndiyo utasoma," aliwaambia.

Ni kweli. Ukilala chini yake mchana, mwanga ukapenya kitambaa, maneno yalisomeka sawasawa. Mama alisema ni ya anayelala, si ya anayechungulia mlangoni.

Mama alifariki wakati maduka hayana kitu. Nilitembea kutoka Msimbazi mpaka Magomeni kutafuta bafta ya sanda. Wenye maduka walinionyesha rafu tupu. Mmoja akanipa pole, akasema nijaribu kesho. Kesho, na mama yuko ndani anasubiri kuoshwa.

Vipande walivyotuchangia majirani havikutosha. Shangazi, dada yake baba, akafungua sanduku la mama bila kuniuliza.

"Hili hapa."

"Hilo la bibi, shangazi."

"Na huyu si mtoto wake? Au tumzike nusu?"

Alisema kweli, na hilo ndilo lililoniudhi. Akasema sanda haitaki mapambo, akanipa mkasi. Niliukata upindo mwenyewe, kwa hasira. Shangazi ndiye aliyelicheka shuka lile kuliko wote, akiliita barua ya majini. Siku hiyo ndiyo aliliona lina kazi.

Hata matanga hatujaanua, bafta ikafika duka la ushirika, tena kwa marobota. Nilipanga foleni nimekaza meno, watu wakifurahia bahati yao. Nilinunua ya shuka moja, nikaipeleka pamoja na upindo kwa fundi cherehani wa barazani, mtaa wa pili. Nikamwambia aushone juu, ulivyo.

Jioni alinikabidhi huku anatabasamu.

"Dada, hiki kitambaa kilikuwa kimegeuka. Nimekurekebishia."

LALA SALAMA ikasomeka mpaka upande wa pili wa barabara. Vifundo vya uzi, ambavyo bibi alivificha chini, vilikuwa juu vinatazama watu.

"Nani kakwambia urekebishe?"

"Sasa dada, maandishi si ya kusomwa?"

"Ya kusomwa na aliye ndani."

"Ndani wapi?"

Ningeanzia wapi, pale barazani, na wateja wake wanasikiliza?

"Basi lete nifumue," akasema.

"Niachie tu."

Nilifumua kwa wembe, nikaushona upindo kwa mkono. Mishono yangu imekwenda upande. Shangazi alipoliona alisema nimekwenda kulirudishia kosa lake. Nilimletea chai, kwani alikuwa amekuja kunijulia hali.

Alipoondoka nilifungua dirisha, nikalala, nikajifunika mpaka usoni. Maneno yalisomeka. Nilidhani hasira ingepungua, haikupungua. Bafta ile mpya ilinukia duka, na ile iliyomzoea mama tulikuwa tumeizika bila neno hata moja.