Marvella Atafuta Chumba Chicago

Miaka yote ya ndoa yao, Orrin Lindquist ndiye aliyechagua pa kulala. Wakisafiri, alitafuta nyumba ya wageni ya kando ya barabara kuu, ile ya kuegesha gari mbele ya mlango, akaingia ofisini huku mkewe Marvella akimngoja garini, mkoba magotini. Chumba kikinuka sigara, walilala hivyo hivyo. Maji ya moto yakikosekana, Marvella alijipangusa kwa kitambaa na kunyamaza. Hakuwa mtu wa kurudisha sahani jikoni, hata akikuta unywele kwenye supu.

Orrin alipofariki, Marvella alikuwa na miaka sitini na mitatu, na ndiyo kwanza amestaafu upishi wa shule pale Prairie Fork, Iowa. Mwaka mzima majirani walimletea bakuli za viazi vya kuoka na jibini, naye akala, akaosha bakuli, akarudisha. Jioni alikaa kwenye kochi upande wake uleule wa kushoto, kana kwamba kulia pana mtu.

Kitu kimoja hakikubadilika. Jumamosi mchana alipiga pasi huku redio ikirusha opera, ile michezo ya kuigiza inayoimbwa kwa lugha za kigeni. Alianza akiwa bibi harusi, kwa bahati tu, alipokuwa akitafuta taarifa za hali ya hewa. Hakuelewa neno hata moja. Orrin alikuwa akiingia kutoka zizini na kuuliza, "Huyo mama anamlilia nani tena?" kisha anaufunga mlango polepole asimharibie mkewe. Sasa Jumamosi moja ya Septemba mtangazaji akataja onyesho la Chicago, Novemba, Jumapili mchana. Marvella akaichomoa pasi. Akakaa. Miaka arobaini alikuwa akiwasikia watu wale wakiimba, na hajawahi kumwona hata mmoja akifungua kinywa.

Wa kwanza kuambiwa alikuwa Bernice, dada yake Orrin, aliyeishi mtaa wa pili na kuingia bila kubisha.

"Chicago? Peke yako? Wifi, umelewa?"

"Nimekunywa kahawa tu."

"Basi kalale uwanja wa ndege. Kule kuna hoteli kubwa, zina walinzi."

"Opera iko katikati ya mji, Bernice. Nikilala uwanja wa ndege nitasikiliza ndege."

"Nenda kwa binamu Wendell, basi."

"Wendell ana mbwa watatu na mke mmoja, na wote wananing'ata."

Bernice hakucheka. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu wa maneno, asiyewahi kuolewa, na aliyekuwa akifunga milango yake kwa makufuli mawili katika mji ambao watu huacha funguo ndani ya gari. Wote walimjua hivyo na kumtania. "Wewe hujui watu," alisema, akachukua koti lake. "Humjui mtu mpaka mlango umeshafungwa."

Marvella alilipuuza neno hilo. Akakaa mezani jikoni na simu, akaanza kupigia hoteli moja baada ya nyingine. Alikuwa na swali moja tu: mwanamke akija peke yake, mnampa chumba gani? Kijana wa kwanza alicheka akasema, "Chenye kitanda, mama." Hoteli ya pili ilimpigia muziki kwenye simu mpaka chai yake ikapoa. Ya tatu, simu ilipokewa na mwanamke mwenye sauti nzito kidogo, aliyejitaja kuwa Ofelia.

"Simpi cha chini, cha madirisha ya barabarani," Ofelia alijibu bila kufikiri. "Wala cha mwisho wa korido. Nampa cha juu juu, karibu na lifti, na namba siitaji mbele za watu. Ni wewe unayekuja, mama?"

"Labda," alisema Marvella, akaona haya bila sababu.

Angechukua chumba hapo hapo. Lakini usiku ule, akiperuzi kwenye mtandao, alikutana na tangazo la nyumba ya mama mmoja aitwaye Corinne, aliyekodisha chumba nyumbani kwake. Picha zilikuwa na piano sebuleni, maua dirishani, na kitanda chenye shuka la kufumwa. Moyo wake ulivutwa na piano ile. Isitoshe, angeweza kumwambia Bernice, "Nalala kwa mama mmoja," na maneno yangeishia hapo. Kweli, Bernice alipoambiwa aliguna tu.

Novemba ikafika. Marvella alipanda treni Mount Pleasant, na mchana akateremka Chicago, kwenye upepo uliomnyang'anya kofia na mwanamume mmoja akaikimbilia na kumrudishia. Alichukua teksi mpaka mtaa mmoja wa kaskazini, wenye nyumba za matofali na ngazi mbele. Akabonyeza kengele.

Aliyefungua alikuwa mwanamume wa miaka arobaini hivi, amevaa sweta na soksi.

"Namtafuta Corinne," alisema Marvella.

"Ah, Corinne ni jina la tangazo tu," alijibu yule mtu akitabasamu. "Watu wanapenda jina la mwanamke. Mimi Garrick. Karibu, karibu, kumbe baridi hivi."

Alikwisha kulichukua sanduku mkononi mwa mgeni. Marvella alimfuata kwa sababu sanduku lilikuwa linatangulia. Piano ilikuwepo kweli, imefunikwa na maboksi mpaka juu. Chumba kilikuwa safi, na shuka ni lile lile la kwenye picha. Alipogeuka kuutazama mlango, akaona tundu la mviringo mahali ambapo pangekuwa na kitasa cha kufungia.

"Hakuna kufuli?"

"Hapa tunaishi kama familia," alisema Garrick. "Hatufungiani milango." Aliliweka sanduku juu ya kitanda, akarudi akasimama pale pale mlangoni, bega limeegemea ubao. "Kwa hiyo umekuja peke yako kabisa? Hakuna anayekungoja hapa mjini?"

Alisema kwa upole. Marvella aliyarudia maneno hayo baadaye mara nyingi, na hakuwahi kuwa na hakika kama yule mtu alikuwa mbaya au alikuwa hana adabu tu. Lakini pale chumbani aliogopa. Na juu ya hofu ile kulikuwa na jambo la aibu zaidi: ulimi wake ulikuwa tayari kusema, "Asante, ni chumba kizuri." Maneno yalishafika menoni.

Akalichukua sanduku.

"Samahani, sikai."

"Kuna tatizo gani?"

"Sikai tu."

"Lakini nimekusafishia asubuhi nzima. Nimekununulia hata keki." Hakutoka mlangoni. "Hebu keti kwanza, mama, tuzungumze."

Alitaka kumweleza, kumwomba radhi, kumsifia keki asiyoiona. Badala yake kikamtoka kitu ambacho hakukitafuta: sauti ya jikoni kule shuleni, ile aliyoitumia kwa majitu ya darasa la mwisho yaliyoziba foleni ya chakula.

"Nipishe!"

Garrick akapisha, kwa haraka, kama mtoto.

Alitoka nje akatembea mpaka kona, akaona duka la mikate lenye watu na taa, akaingia. Aliagiza kahawa, akaiacha bila kuionja. Akatoa simu na kuitafuta ile namba ya hoteli ya tatu.

"Mimi ni mama mmoja wa Iowa," alianza. "Niliwahi kupiga, nikauliza..."

"Wewe ndiye uliyeuliza kuhusu mwanamke anayekuja peke yake," alisema Ofelia. "Nilikaa nikikungoja. Uko wapi? U mzima?"

Kwa neno hilo la mwisho machozi yakamdondoka Marvella mbele ya mikate na watu wote. Akamweleza, kwa vipande vipande. Ofelia hakumkatiza.

"Kaa hapo hapo ndani," alisema. "Usisimame barabarani na sanduku. Natuma dereva wetu tunayemjua. Na unywe hiyo kahawa, mama, tia sukari."

Hoteli ilikuwa nyembamba na ya zamani, imebanwa kati ya majengo mawili marefu, mwendo mfupi tu kutoka ukumbi wa opera. Ofelia alikuwa mnene, mwenye nywele za mvi alizozifunga nyuma na miwani iliyoning'inia kifuani kwa uzi. Hakuuliza mengi. Aliandika namba ya chumba kwenye kikaratasi, akakisukuma juu ya meza kikiwa kimegeuzwa, kisha akaiacha meza kwa mwenzake na kupanda lifti pamoja na mgeni. Chumbani akamwonyesha kufuli, mnyororo na kitundu cha kuchungulia.

"Sasa mimi natoka," alisema. "Wewe funga, nisikie."

Marvella akafunga. Upande wa pili Ofelia akajaribu kitasa, akagonga mlango kwa kiganja. "Safi. Pumzika, mama." Hatua zake zikaondoka taratibu kwenye zulia.

Simu ililia kabla hajavua viatu. Ni Bernice.

"Umefika kwa huyo mama?"

Marvella alikusudia kudanganya. "Hakuwa mama," alisema, akajikuta anamwaga yote, mpaka lile tundu la mlangoni, mpaka ile keki. Kisha akangoja kusimangwa. Alijua kabisa atakavyoambiwa.

Lakini Bernice hakumsimanga.

"Ukaondoka," alisema.

"Nikaondoka."

"Mimi sikuondoka."

"Wapi, wifi?"

"Minneapolis. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nimeitwa kwenye usaili wa chuo cha uuguzi. Nilipanga chumba kwa mzee mmoja, mtu wa kanisani, kila mtu anamsifu. Alivyonitazama tu nilijua. Lakini alikuwa ameshanitengenezea chai." Sauti ya Bernice ilipanda. "Chai, Marvella! Niliona haya kumwachia chai yake. Usiku nikasukuma kabati mlangoni, nikakaa kitini. Akajaribu kitasa mara mbili, kisha akaenda zake. Na asubuhi nikamwambia asante."

"Hukuwahi kusema."

"Ningemwambia nani? Orrin angechukua bunduki, na mama angeniuliza nilifuata nini huko. Kwenye usaili sikwenda kabisa. Nilirudi nyumbani nikasema wamenikataa."

Marvella aliketi kitandani na simu ameigandamiza sikioni. Miaka arobaini alimwona wifi yake mtu wa kuogopa vivuli. Akasema lililokuwa kweli: "Laiti ningekuwepo, ningelisukuma lile kabati pamoja nawe."

"Ulikuwa darasa la kumi," alisema Bernice, akapenga kamasi. "Haya, kaoge. Kesho unakwenda kwa hao wapiga kelele wako."

Jumapili alivaa gauni la buluu na kwenda kwa miguu. Kiti chake kilikuwa juu kabisa, karibu na dari. Taa zilipozimwa na mwanamke wa kwanza akatokea jukwaani, mdogo kama mdoli kwa umbali ule, Marvella alishtuka: kabla ya kuimba, yule mwanamke alivuta pumzi, mabega yakainuka. Redio haikuwahi kumwonyesha hilo. Alilia tangu sehemu ya kwanza mpaka mapumziko, na jirani yake, mzee mwenye tai ya kipepeo, alimpa pakiti nzima ya karatasi za kufutia machozi akasema ana nyingine mfukoni, yeye huja amejiandaa.

Ofelia alikuwa zamuni Marvella aliporudi. Walikunywa chai ya mdalasini nyuma ya kaunta, wakicheka mambo ya wageni, na Marvella akaongeza siku moja.

Bernice alimpokea stesheni ya Mount Pleasant. Hawakuwa watu wa kukumbatiana. Siku hiyo walikumbatiana vibaya vibaya, makoti mazito yakiwazuia. Wakaingia garini, Bernice akashika usukani.

"Mimi opera sitaki," Bernice alisema ghafla, macho barabarani. "Usije ukaniburuta."

"Sikuburuti."

"Minneapolis ndiyo nataka. Nataka nikaione mchana."

Walikwenda Mei, theluji ilipokwisha. Chumba walichagua pamoja, wakigombana kila hatua. Siku ya pili Bernice aliutafuta ule mtaa, akaupata; mahali pa nyumba palikuwa na duka la kutengeneza baiskeli, na msichana mmoja nje akijaza tairi upepo. Bernice alisimama pale mikono mifukoni. Marvella alisimama kando yake. Kisha Bernice akasema njaa inamuuma, wakashikana mikono kuvuka barabara, wakaenda kutafuta samaki wa kukaanga.