Mkeka Kwenye Daraja la Paa

Sisi tuliokulia Tottenham, huko Landani, miaka ya tisini tunajua safari ya matembezi ilivyokuwa. Asubuhi mama keshapika pilau, sufuria limefungwa kwa taulo, chupa ya chai nimeibana katikati ya magoti, na vani ya kuazima inanukia iliki mpaka mashambani.

Jumapili moja baba alitupeleka kuona daraja la kale la mbao, lenye paa kama nyumba na mabenchi pande zote mbili. Mvua ikaanza. Mama akatazama huku na huku, akacheka: "Jamani, si baraza hii! Tandikeni mkeka." Kwetu Unguja baraza ni ya kukaa, na anayepita hukaribishwa. Tukatandika.

Tonge la tatu sikulifikisha mdomoni. Akaja mwanamume mwenye bunda la funguo, akasema hapa ni mahali pa historia, si pa kula. Kwenye benchi la mwisho wazee wawili wa Kizungu walikuwa wakitafuna sandwichi zao. Hao hakuwaona. Mama akamnyooshea sahani, karibu, na sahani nayo hakuiona. Baba, aliyekuwa mwalimu mkuu kwao na Landani akifagia maofisi, akasema "sori, sa" mara tatu, akainama kukunja mkeka mwenyewe. Tukamalizia kula ndani ya vani, vioo vimejaa mvuke.

"Tusiwape sababu," alituambia. Ndiyo kauli yake ya kila siku. Nilimkasirikia miaka na miaka. Sura ya yule wa funguo nimeisahau, lakini mgongo wa baba ulioinama sijausahau, na mpaka leo damu inanichemka.

Baba alipokwisha kufariki, niliwapeleka wanangu kulekule. Enzi zetu tuligombania dirisha. Hawa wameziba masikio kwa waya za simu, ng'ombe wote wamepita hawajamwona hata mmoja. Darajani sasa kuna meza, na kibao kinachokaribisha watu wapumzike na kula. Kula! Nilitamani kuking'oa kwa meno. Meza yao nikaikataa, nikatandika mkeka palepale kwa makusudi, nikafunua sufuria.

Mlinzi mmoja, mwanamke, akapita, akatusalimu kwa tabasamu. Mdomo wangu ukasema wenyewe: "Funikeni haraka, tusiwape sababu."

Binti yangu akachomoa waya sikioni, akaniuliza kwa Kiingereza chake: sababu ya nini?

Hasira zote zile, miaka yote ile, na mkono wangu ulikwishaanza kukunja mkeka.