Seva Niliyoizima Msibani

Niliizima mimi. Siku tuliyompeleka mume wangu kijijini Ngenge kuzikwa, nilipita kwanza kwenye chuo cha Bukoba alikokuwa fundi wa kompyuta, nikaizima seva yake. Kwetu msibani jembe halishikwi. Nikaona na mashine yake ipumzike.

Sikujua kuwa ndiyo iliyotunza majina. Kila kompyuta ya chuo ina namba yake, na seva hubadili jina kuwa namba ili kompyuta zipatane. Seva ya pili, ya akiba, iliendelea kujibu siku chache. Ilipomkosa mwenzake muda mrefu nayo ikanyamaza, wanafunzi wakakosa masomo yao. Nilirudi kuiwasha ile ya kwanza, diski yake kuukuu ikagoma.

Nilimwambia mkuu wa chuo ukweli wote. Mimi pale ni mtunza stoo, nimeishia kidato cha pili.

“Pole sana, mama,” alisema. “Jumatatu anakuja fundi kutoka Mwanza. Atang'oa yote aanze upya.”

Hayo yote yalikuwa kazi ya mume wangu. Kompyuta alizipa majina ya ndizi: Nshakara, Nchoncho, Ntobe.

“Niachie mimi hadi Jumatatu,” nikasema. Akakubali, nadhani kwa huruma.

Kutunza majina hayo mume wangu alitumia programu ya BIND. Niliazima chuoni kitabu kinene cha Kiingereza kuihusu, nikakisoma kwa kamusi. Shemeji yangu alinikuta nyumbani Bilele nikiwa ukurasa wa nne.

“Shemeji, unakisoma au kinakusoma?”

“Kinanisoma.”

“Kimegundua nini?”

“Kwamba sijui kitu.”

Tulicheka, mara ya kwanza tangu msiba.

Video za mafunzo nazo zilikwenda mbio kunizidi. Kilichonifaa ni maelezo yanayokuja na programu zenyewe, yenye mifano. Niliyachapisha nikayapigia mistari. Humo nikaona kuwa chuo kidogo kama chetu kinatoshwa na programu ndogo, dnsmasq, inayosoma faili moja la kawaida: namba na jina, mstari kwa mstari. Kuiacha BIND kuliniuma, maana ilikuwa ya mume wangu. Lakini nilishaharibu mara moja kwa kutojua.

Jumamosi niliiweka kwenye kompyuta ya stoo, nikanakili majina kutoka daftari lake. Nilikosea namba mbili, nikazirekebisha. Kisha nikauliza Ntobe iko wapi. Programu ikanipa namba yake.

Jumatatu fundi wa Mwanza alikagua, akauliza, “Nani kaiweka hii?”

“Mimi.”

“Mbona hukuweka BIND?”

“Hii ikiharibika, naweza kuitengeneza mwenyewe.”

Akamgeukia mkuu. “Bosi, hapa mimi labda ninywe chai tu.”

Mkuu alinikabidhi ufunguo wa chumba cha kompyuta palepale, mbele ya fundi. Nilijivuna, na sioni aibu kuliandika hilo.