Mahali Alipotega Mjomba

Mjomba wangu alikuwa na neno moja kuhusu kutega paa, na alilirudia mpaka likanichosha: kwanza jua wewe utakuwa wapi paa akinaswa, ndipo utafute paa. Msitu wa serikali ulianzia pale mashamba yetu ya Mkongani yalipokoma. Ndani kabisa, kwenye bonde la mikuyu, paa walikuwa tele, wakila matunda yaliyodondoka. Mjomba hakwenda huko. Alitega ukingoni, nyuma ya mihogo yetu, ambako paa akilia ulimsikia ukiwa uani, ukakimbia na kisu, ukamkuta bado ana roho, ukapiga bismillahi ukamchinja. Aliyekutwa amekufa alikuwa kibudu, haliwi. Huyo tulimpelekea jirani yetu Mkristo, mtu wa bara aliyepata shamba kwetu, naye alishukuru sana. Askari wa msitu tuliwaogopa, sikatai, lakini kibudu tulikiogopa zaidi.

Mwaka ule, baada ya mvua za Elinino, mama aliugua. Mimi nilikuwa dobi katika hoteli moja ya Diani, nikirudi nyumbani kila Jumatano. Mama alirudisha kila chakula; ugali aliutazama kama mgeni asiyealikwa. Mchuzi wa paa tu ndio ulioshuka. Mjomba, kaka yake wa pekee, akaahidi kwamba mchuzi hautakosekana, na kweli haukukosekana.

Mama alikuwa mtu wa dini, tena mwenye kushuku. Kabla ya kutia kijiko alinishika mkono.

"Huyu alichinjwa yu hai?"

Nilimtazama mjomba, mjomba akaitikia kwa kichwa, nami nikaapa: "Wallahi, mama." Ndipo alipokula. Kila Jumatano ilikuwa hivyo, na mimi nilirudi kazini nikiwa nimeridhika, mpumbavu mkubwa.

Jumatano moja jirani yetu alinisimamisha njiani, jembe begani.

"Siku hizi mmenisahau kabisa. Kwani hakuna hata moja inakufa kwa mtego?"

Nilicheka, nikamwambia mjomba amekuwa fundi. Nilipopiga hatua chache kicheko kikaniisha. Hakuna fundi wa namna hiyo. Hata katika miaka yake mizuri, mjomba hakumaliza mwezi bila kukuta kibudu mtegoni.

Sikuingia nyumbani. Nilipita nyuma ya mihogo nikatazama mahali petu. Nyaya za mitego zilikuwa zimeota kutu na majani yamefunika mapito. Hapakuwa na alama ya kwato hata moja. Mvua ilikuwa imewahamisha paa, na mjomba alikuwa amewafuata bondeni, mwendo wa saa moja na nusu, ambako mnyama angeweza kulia mpaka akakata roho bila mtu kusikia.

Nilimkuta uani akichuna paa. Shingo ilikuwa imekatwa vizuri, lakini damu haikuwepo, si kwenye kisu wala kwenye manyoya.

"Shikamoo, mjomba. Huyu umemtoa wapi?"

"Marahaba. Pale pale petu."

"Pale petu ndipo ninapotoka sasa hivi."

Aliendelea kuchuna kidogo, kisha akaweka kisu chini.

"Mamako angekula nini, mpwa wangu? Niambie wewe."

Swali hilo lilinitia hasira zaidi. Angeniambia mapema ningekwenda kumuuliza ustadhi. Pengine mgonjwa wa vile ana ruhusa yake. Hakuniambia. Yeye aliitikia kwa kichwa tu, kiapo akaniachia mimi nikiape kwa ulimi wangu. Nilimchukia papo hapo, mtu aliyenifundisha kushika kisu. Mpaka leo najaribu kumsamehe na sijaweza.

Ndani, mama alikuwa ameshapelekewa bakuli la nyama ya jana. Alinishika mkono kama kawaida.

"Huyu alichinjwa yu hai?"

Nilimwondolea bakuli mkononi. Alilitazama, akanitazama.

"Tangu lini?"

"Tangu uanze kuugua, mama. Nami nimejua leo."

Mjomba alikuwa amenifuata, amesimama mlangoni, mikono bado ina mafuta ya paa. Nilingoja mama amgeukie. Hakumgeukia. Aliuachia mkono wangu.

"Na kila mara," aliniambia, "ukaniapia wewe."