Bosi Wangu Mhungari Anataka Niende Naye Kwao

Admin, ficha jina langu tafadhali, maana hawa watu bado nalala kwao. Mimi ni Mkenya wa miaka 31, mama wa mtoto mmoja. Nilianza kazi Jeddah, kule Aziziya, nikateswa mpaka nikakonda. Lakini Mungu si Athumani, nikahamishiwa kafili mwingine, yaani mwajiri, hapa Riyadh: injinia Mhungari, mkewe, na msichana wao wa miaka mitano.

Jamani, nilishukuru! Wakristo wenzangu! Ijumaa, siku ya mapumziko huku, tunafunga pazia tunaomba pamoja sebuleni, na bosi ananiita dada. Aliposema mkataba wake unaisha na wanataka kwenda na mimi Hungary nilee mtoto, nililia kwa furaha. Madam ameshaanza kunishughulikia viza.

Juzi baada ya maombi, tukinywa chai, nikamuuliza bosi atafanya kazi gani huko. Uso ukamng'aa. "Narudi kwa chama chetu." Akanieleza kilivyoanza: wanafunzi wachache wa chuo, Wakristo, Krismasi wanasimamisha misalaba ya mbao barabarani. Mimi naitikia amen, kumbe mjinga! Kikundi kikawa chama. Chama kikapata vijana wa sare nyeusi na mabuti, wanapiga gwaride mitaani kwa Waroma, watu wa huko huko wenye ngozi ya kahawia, ati wote ni wezi. Akanionyesha picha kwa simu. Yeye yuko mbele kabisa, anacheka. Nyuma yake kuna mama amesimama dirishani na mtoto, na hao hawacheki.

Nikamwambia, "Na mimi je, bosi? Si mimi ni mweusi kuliko hao?"

"Wewe ni tofauti. Wewe unajua mahali pako." Alisema kwa upole tu, akaniongezea chai.

Jioni nikimwogesha mtoto, akaninong'oneza: "Anti, baba akija na wale wa mabuti, ingia kwa kabati yangu. Mimi sitasema."

Nikikataa, halas, basi, ikama yangu, kile kibali cha kukaa huku, inafutwa, narudi nyumbani mikono mitupu, na mwanangu ndiyo kwanza ameingia sekondari. Wasichana wenzangu hapa wananicheka: "Wewe, Ulaya inakataliwa?" Sijui. Najua tu kwamba huyo mtoto ana miaka mitano, na ameshanitafutia pa kujificha.

Niambieni bila kunionea haya: ningekuwa dada yenu wa tumbo moja, mngeniacha nipande hiyo ndege?