Bakuli la Yasuo

Fumie Togashi alikuwa na kinyaa cha aina mbili. Cha kwanza kilikuwa cha kazini, cha ule utelezi wa figili zilizolala kwenye chumvi wiki nzima, na hicho alishakizoea, maana mtu wa kiwanda cha achari hapa Tsuruoka akiendekeza kukunja pua atakufa njaa. Cha pili kilikuwa cha watu wa gemu. Hicho hakukizoea hata kidogo, na mwaka walipokuja kumtafuta kilimpanda mpaka kooni.

Vijana wa kiwandani hawakujua kwamba huyu mama wa gambuti na kofia ya nailoni ndiye aliyechora picha iliyoliza nchi nzima. Ujana wake aliumalizia Osaka, kwenye kikampuni kidogo juu ya duka la tambi, wakitengeneza gemu iliyoitwa Kengele ya Theluji. Wenzake walitunga hadithi na muziki. Yeye alichora, nukta baada ya nukta kwenye karatasi ya mirabamiraba, kwa kuwa mashine za siku zile hazikuweza zaidi ya hapo. Anayeicheza anakuwa kijana anayetoka kwao kwenda kugonga kengele iliyofichwa chini ya mlima, ili majira ya baridi yakome. Anapigana, anapata marafiki, anawazika, anafika, anaigonga. Theluji inayeyuka kila mahali. Yeye harudi.

Mwisho wa gemu ni chumba kimoja tu. Mama wa kijana yule anaandaa sinia la chakula, analiweka pale alipozoea kukaa mwanawe, kisha anakaa mkabala nalo. Nyuma yake kuna mlango. Mvuke unapanda kutoka kwenye bakuli, unapanda na kupanda, hakuna muziki, hakuna neno, mpaka wewe mwenyewe uzime mashine. Watoto walidanganyana kwamba ukiiacha mpaka asubuhi mlango utafunguka. Wakaiacha. Haukufunguka, na watoto hao leo wana vipara na vitambi na bado wanauulizia.

Fumie hakukibuni chumba kile. Ni cha kwao. Kaka yake, Yasuo, alikwenda kufanya kazi ya kujenga mabwawa huko kaskazini, akatuma kadi moja ya mwaka mpya, halafu kimya. Polisi walitafuta. Baba yao alitafuta mpaka akafa. Mama yao, Tome, hakutafuta. Aliandaa sinia. Kila siku mchana aliweka wali, kipande cha samaki, achari, na supu ya miso, ile ya soya iliyochachushwa, kwenye bakuli jeusi lenye kifuniko, mahali pa Yasuo, kama bibi zetu walivyowafanyia wote waliokuwa safarini. Baada ya kitambo alifunua kifuniko akakitazama kwa ndani. Kikiwa na matone, aliye mbali ni mzima. Na supu ikiwa ya moto, hebu niambie, ni lini kifuniko kitakosa matone? Tome alilijua hilo kama unavyolijua wewe. Alifunua, akatazama, akasema, "Haya, mzima," ndipo nyumba nzima ikala. Fumie aliporudi kutoka Osaka kuja kumtunza, nywele zake mwenyewe zikiwa zimeanza mvi, alikuta sinia liko palepale.

Sasa aje huyo Kuze.

Kuze alikuwa mtu wa kampuni kubwa ya Tokyo, ile iliyokimeza kikampuni cha juu ya duka la tambi pamoja na kila kilichokuwamo. Walitaka kutoa sehemu ya pili ya Kengele ya Theluji. Habari ilikuwa imeshavuja, na wapenzi wa gemu walikuwa wanararuana mitandaoni: hawa wanalia kwa furaha, wale wanaapa kwamba atakayeugusa ule mlango amelinajisi kaburi. Fumie alisoma kidogo akaenda kunawa mikono. Kuze alipopiga simu mara ya kwanza alimjibu, "Nitalifikiria." Kwetu hapa hata mtoto wa shule anajua kwamba jibu hilo ni hapana iliyovishwa nguo. Kuze naye alijua, hakutoka mwezini. Ila alikuwa analipwa ili asijue, kwa hiyo akapanda treni akaja.

Ilikuwa Februari, theluji imefika madirishani. Aliingia na boksi la vitamutamu, akavua viatu vyake vyembamba vya mjini, akainama mpaka nywele zikamwangukia usoni.

"Mwalimu Togashi! Ni heshima kubwa mno."

"Usiniite mwalimu. Mimi natia figili chumvi."

"Ah, Mwalimu," akasema Kuze, akimwita kwa wingi kwa heshima, "hata mkitia mawe chumvi, kwetu sisi ni Mwalimu tu."

Fumie akamkalisha chumba cha mbele, kile cha wageni, ambacho hakina joto, akiamini baridi itamfukuza mapema. Kuze alitoa kompyuta yake akaanza. Yule kijana hakufa, alisema. Kengele ilimgeuza akawa mwovu, na sasa anarudi kwao na jeshi la barafu. Mchezaji ni mdogo wake wa kike, atakayepigana naye.

"Na mama yao?" Fumie akauliza.

"Hapo ndipo patamu! Lile sinia tumelipa nafasi kubwa sana. Kabla ya kila vita mchezaji anaandaa sinia, anapata nguvu. Wali ni bure. Samaki ananunua."

"Ananunua kwa nini?"

"Kwa pesa."

"Za ndani ya gemu?"

"Za kadi ya benki," akasema Kuze, wala hakupepesa. "Na sikukuu tutatoa bakuli la dhahabu. La muda mfupi tu, ili watu walikimbilie."

Kuna siku Fumie alifunua pipa kiwandani akakuta panya ameiva humo pamoja na figili. Ladha iliyomjaa mdomoni siku ile ndiyo iliyomrudia sasa. Alimtazama kijana huyu mwenye meno meupe na harufu ya sabuni ghali, akashangaa kwamba uozo unaweza kunukia vizuri namna hii.

"Mmeshaamua kila kitu," akasema. "Mimi mnanitakia nini?"

Kuze akashusha sauti. "Kitu kimoja tu, Mwalimu. Mtuchoree mlango unafunguka. Kwa nukta, kwa mkono wenu, kama zamani. Wale wanaotutukana wakiona ni mkono wenu watanyamaza."

"Kumbe mnatafuta tambara la kuziba watu midomo."

"Mwalimu, si mimi ninayeutaka. Ni wao. Wamengoja tangu utotoni. Ninyi wenyewe, kwa ukweli kabisa, hamtaki kuuona ukifunguka?"

Basi hapo akamshika pabaya, maana alitaka. Kabla hajajizuia alishaziona nukta: weusi wa nje, kisha buti, kisha goti lenye theluji. Mkono wake ulikuwa juu ya meza ukitafuta kalamu peke yake. Alijichukia. Akainuka, akasema hita ya chumba cha ndani imeishiwa mafuta, akatoka kwenda bandani kuyafuata. Hita haikuwa imeishiwa chochote. Alisimama bandani kwenye baridi, ameshika galoni.

Alikaa huko zaidi ya alivyokusudia. Na Kuze, aliyetoka Tokyo bila kutia kitu tumboni, akasikia harufu ya samaki. Akaifuata. Akasukuma mlango wa chumba cha ndani, kile chenye joto, akakuta sinia limeandaliwa vizuri mahali pasipo na mtu, bakuli bado limefunikwa. Mgeni wa mbali, mchana, chakula kiko mezani: angewaza nini zaidi? Akakaa, akaunganisha viganja, akashukuru kama tulivyofundishwa sote, akaanza kula.

Mtu ambaye muda mfupi uliopita alikuwa anauza sinia hilo kipande kwa kipande alikutana nalo lenyewe ana kwa ana, na hakulijua. Hilo ndilo mpaka leo linanichefua mimi ninayesimulia.

Fumie aliporudi alisikia sauti ya mama yake. Tome alikuwa ametoka chumbani kwake, macho yake yale yenye ukungu, amepiga magoti kando ya Kuze, ameushika mkono wa koti lake.

"Yasuo," alikuwa anasema. "Yasuo, umekonda jamani."

Kuze alikuwa na samaki mdomoni. Akainua macho, akamwona Fumie mlangoni. Fumie akatikisa kichwa: hapana, usithubutu. Kijana akayashusha macho kwa kikongwe, akameza. Na huwezi kusema alikuwa anaigiza, maana machozi yalimtoka, ya kweli kabisa. Hilo halimsafishi hata kidogo.

"Nimerudi, Mama," akasema.

"Karibu nyumbani." Tome akaupapasa mkono ule kama anayekagua kitambaa dukani. "Mbona umechelewa hivyo?"

"Theluji, Mama."

"Theluji. Haya, kula. Nikuongezee wali?"

Akaongezewa. Akala bakuli la pili, Tome akimtazama kila tonge mpaka likashuka. Fumie alisimama palepale na galoni lake, hawezi kusema, kwa sababu kila neno ambalo lingempiga Kuze lingepitia kwanza kwa mama yake. Kisha Tome akasema atamtandikia, akaenda kutoa kabatini godoro la kulalia sakafuni. Kuze akatazama saa. Akainuka upesi, akavaa viatu.

"Umefanya nini?" Fumie alimwambia mlangoni, kwa kunong'ona. "Mwanaharamu wewe, unajua umefanya nini?"

"Mwalimu, mliuona uso wake?" Kuze alikuwa bado anajifuta macho. "Uso ule! Ndio huo ninaotaka kuwauzia watu. Kuwapa, samahani. Kuwapa."

"Toka."

"Asanteni kwa chakula," akasema, akainama, akaenda kuwahi treni.

Tome alirudi amekumbatia blanketi. "Yuko wapi?"

"Hakuwa Yasuo, Mama. Ni mtu wa Tokyo, amekuja kwa shughuli zangu."

"Nimezaa mimi, halafu uniambie wewe?" Akalitandika godoro, akalisawazisha pembe zote, akakaa kando yake mpaka giza likaingia. Hakuna aliyekuja kulilalia.

Kesho yake mchana hakuandaa sinia. Fumie alidhani amesahau. Siku iliyofuata akaliandaa yeye mwenyewe, wali, samaki, achari, akamimina supu ya moto, akafunika, akangoja, akafunua kifuniko na kumwekea mama yake karibu na macho.

"Tazama, Mama. Matone. Ni mzima."

"Najua ni mzima. Si alikuwa hapa?" Tome akakisukuma kifuniko kando. "Kumbe miaka yote hii alikuwa anaweza kuja."

Hakulia. Ingekuwa nafuu angelia. Alikula wali wake taratibu huku amelipa mgongo sinia.

Wiki ile haijaisha Kuze akapiga simu. Alikuwa amefurahi kama mtu aliyepata mtoto. Amewasimulia wenzake, chumba kizima kimelia, na sasa sehemu ya pili itaanzia hapohapo: mlango, kijana, mama anamshika mkono wa koti. "Sasa Mwalimu hamwezi tena kukataa kuuchora," alisema. "Mmeuona kwa macho yenu."

"Nimeuona," Fumie akasema. "Nikuambie mambo yalivyokwisha? Mama haweki tena sinia. Alipokuwa anamngoja, alikuwa na mtoto aliyeshindwa kurudi. Sasa ana mtoto aliyekuja, akala, akaondoka bila kumuaga. Anasema kumbe miaka yote hii alikuwa anaweza kuja. Sichori. Na jina langu ulifute kila mahali ulikolipaka."

Fumie alisikia pumzi ya Kuze kwenye simu, akafikiri labda, hatimaye, aibu imemgusa.

"Mwalimu," Kuze akasema polepole, "hayo maneno ya bibi, kwamba miaka yote alikuwa anaweza kuja. Tunaweza kuyatumia?"

Fumie akakata simu. Akaenda jikoni akalitoa bakuli jeusi kabatini, ambalo alishaliosha siku ileile ya Kuze, na siku iliyofuata, na jana, akaanza kulisugua tena kwa maji ya moto.

"Nani kapiga?" Tome akauliza kutoka chumba cha ndani.

"Si mtu, Mama."

"Akiwa ni Yasuo," Tome akasema, "mwambie sipo."